Mimi Niliyejua Kutakuwa na Alhamisi

Nilipewa dakika tatu. Ratiba ya mazishi ya Mama Rodah ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi ya waridi, na mimi nilikuwa nimewekwa katikati ya chama cha akina mama na mwakilishi wa chifu: "Rafiki wa Kitale, dakika tatu." Jina langu halikuandikwa. Nekesa, binti yake wa pekee, ndiye aliyenipigia simu Jumatatu kuniambia mama yake ameaga. Namba yangu aliipata kwa mwalimu mwenzangu ambaye husali naye kanisa moja. Nilipomuuliza kwa nini anataka mimi niseme, alijibu, "Si ulikaa na yeye msimu mzima, Mwalimu? Hapa Myanga watu hawajui maisha yake ya Kitale." Basi kwa siku nne nilikaa katika nyumba yangu ya walimu hapa Bungoma nikisahihisha mitihani ya fizikia bila kuiona, nikitafuta maneno ya dakika tatu, na kila nilichokumbuka kilikuwa kitu ambacho mtu mwenye aibu hasemi mbele ya jeneza. Nimekuwa mwoga muda mrefu sana. Haya ninayaandika baada ya mazishi, na sitajipendelea.

Ilikuwa mwaka 2008. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepata A ya fizikia ambayo watu waliitaja kama jina langu la pili, na nilikuwa nangoja chuo kikuu kiniite. Siku hizo kungoja kulikula karibu miaka miwili, na aliyengoja alitafuta la kufanya. Mimi nilipata ukarani katika shamba la mahindi ya mbegu nje ya Kitale, upande wa kuelekea Kachibora. Mahindi ya mbegu hayalimwi kama mahindi ya ugali. Hupandwa mistari sita ya mama, miwili ya baba, halafu sita tena ya mama, hivyo hivyo hadi mwisho wa shamba. Julai ikifika, kila mhindi wa mstari wa mama lazima ung'olewe mbelewele, lile ua la juu kabisa, kabla halijafunguka na kumwaga vumbi lake la manjano, ili mama azae na yule baba aliyechaguliwa peke yake. Mkichelewa asubuhi moja, jua likatoka na vumbi likapeperuka, eneo lile si mbegu tena. Atakayenunua mfuko wa mbegu hiyo, awe wa Myanga au wa Mabanga, atalima na kupalilia kama kawaida, kisha Novemba atasimama shambani akishangaa vigunzi vyembamba kama vidole. Kwa hiyo wanawake waliingia shambani alfajiri majani yakiwa bado yanadondosha umande, wakang'oa mkono juu mkono chini, na karani alipita nyuma yao akiangalia mstari mmoja mmoja. Mstari ukiwa safi, alifunga kitambaa chekundu kwenye kijiti cha mwisho. Hakuna aliyerudi kukagua mstari wenye kitambaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kitambaa changu kilikuwa neno la mwisho, na sitadanganya kwamba sikukifurahia.

Mama Rodah alikuwa nyapara wa kikosi hicho. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, aliyevaa koti la mvua la mwanamume hata siku ya jua, na aliyezungumza na mimea kuliko alivyozungumza na watu. "Vua kofia, msichana," aliuambia mhindi, na mbelewele ikatoka nzima nzima. Mume wake alikuwa amefariki, binti yake alikuwa kwa nyanya Myanga, na kwa sababu kambi ya wafanyakazi ilikuwa imejaa, nilipewa nusu ya chumba chake. Pazia la kitenge liligawanya vitanda viwili. Kuta alikuwa amezibandika magazeti kwa uji wa unga wa ngano ili baridi ya Kitale isipenye, na kwa kuwa Kiingereza hakukisoma, kila jioni akisonga ugali aliniamuru nimsomee ukuta. "Leo nisomee pale juu ya dirisha," angesema. Nilimsomea kesi za mahakama, matangazo ya ng'ombe wa maziwa, barua za wasomaji wenye hasira. Alisikiliza huku akigeuza mwiko, na mara nyingi alitoa hukumu yake kabla sijafika mwisho. Sijawahi tena kuwa na msikilizaji kama yule, na nimefundisha madarasa mengi.

Habari za ile mashine ziliingia chumbani mle zikiwa zimefunga omena. Ilikuwa Juni. Nilifungua kifurushi cha gazeti, nikamwaga dagaa wale kwenye sufuria, nikaanza kusoma karatasi kabla hata harufu haijatoka mikononi. "Nini hiyo inakumeza hivyo?" Mama Rodah akauliza. Nikamweleza kwamba wanasayansi wamejenga mashine chini ya ardhi, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, bomba la mviringo lenye urefu kama wa kutoka Kitale mjini hadi ukikaribia Kachibora. Watarusha humo chembe ndogo sana, nyingine zikija upande huu na nyingine upande ule, zigongane, waone kilichomo ndani.

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya kila kitu, Mama. Mawe, maji, sisi."

"Na ikipasuka?"

"Wenyewe wanasema iko salama. Lakini kuna watu wamekwenda kortini kuizuia, ati inaweza kufanya shimo jeusi. Shimo la kumeza."

Akasimamisha mwiko. "Kumeza nani?"

"Dunia yote."

Akaurudisha mwiko sufuriani, kisha akasema, "Basi leta sahani tule kwanza."

Nilidhani yameishia hapo. Kesho yake saa nne, wakati wa uji, kikosi kizima kilikuwa kimenizunguka. Wanawake arobaini wenye udongo wa palizi kwenye nyusi, na Wanyonyi dereva wa trekta, mtu wa Bungoma ambaye hakuna mkutano uliompita. "Karani," akasema, "hiyo shimo ikitoka Ulaya itafuata balabala gani? Nataka nijue kama itapitia kwa shemeji yangu kwanza." Watu wakacheka, lakini hawakuondoka. Nikachukua punje mbili za mahindi, nikawaonyesha zinavyokimbizana na kugongana, na nilipofika kwenye lile shimo nilishusha sauti. Sikuwa nimepanga kuishusha. Niliona tu jinsi shingo zao zilivyosogea karibu, na tangu siku ile nilijua sauti ile iko wapi kooni mwangu.

Lazima niseme kwamba watu wale hawakuwa wajinga. Mwaka ulikuwa umeanza vibaya kwa nchi nzima. Januari na Februari, baada ya uchaguzi, walikuwa wameona nyumba za majirani zikiungua, na wengi pale kambini walikuwa wamekimbia mahali fulani na godoro kichwani. Mtu aliyepitia hayo haoni ugumu kuamini kwamba jambo baya likitajwa redioni linakuja. Na redio zililitaja. Vipindi vya asubuhi vilipokea simu kutoka kila pembe, mmoja akiuliza kama ile chembe inayotafutwa, waliyoiita chembe ya Mungu, ikipatikana Mungu atakuwa amebaki na nini, mwingine akisema Wazungu wamechimba hadi wamefika kwa shetani. Mimi nilikuwa msomi wao. Nilipopita, sauti zilishuka. Mwanamke wa umri wa mama yangu aliniuliza kama apande maharage ya msimu mfupi au aache, na nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba angoje kidogo tuone.

Ili kubaki msomi nilihitaji habari mpya, na habari zilikuwa Kitale mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Manjit. Bwana Manjit alikuwa Singasinga mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyezaliwa mji huo huo na aliyezungumza Kiswahili vizuri kuliko mimi. Kwenye kona, baada ya misumari na mabati, alikuwa ameweka kompyuta mbili. Yeye mwenyewe aliipenda ile mashine kuliko biashara yake. Nikiingia, aliwaacha wateja mikononi mwa mtoto wa ndugu yake, akavuta kiti, tukasoma pamoja ukurasa ukifunguka polepole kutoka juu kwenda chini. "Umeona, binti? Sumaku zimewekwa kwenye baridi kushinda baridi ya angani," aliniambia, akafuta miwani kwa furaha. Hofu hakuwa nayo kabisa. Ningeweza kujifunza hilo kwake pia.

Sasa nifike mahali ambapo nimepazunguka kwa kurasa hizi. Katikati ya Julai mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Jioni ya siku ya pili Mama Rodah aliingia chumbani akiwa ameloa hadi mifupa, akavua koti, akasema, "Nasimiyu, kule mtoni hatujamaliza. Mistari kumi imebaki, matope imekataa. Mimi kesho niko na kikosi juu kwa kilima. Wewe pita huko asubuhi sana, uangalie. Ukiona inataka kufunguka, kimbia uniite." Nikasema ndiyo, Mama. Asubuhi trekta la maziwa lilikuwa likienda mjini, na Bwana Manjit alikuwa ameniahidi picha mpya za lile bomba. Niliteremka mtoni nikiwa na haraka. Nilisimama mwanzo wa mistari, nikatazama mihindi ya mbele, ambayo mbelewele zake zilikuwa bado zimefungwa vizuri. Ndani sikuingia. Nilifunga vitambaa kumi ili ionekane nimepita, haraka haraka, vidole vikiwa na baridi, nikapanda trekta. Jioni aliniuliza, "Ulipita?" Nikasema nilipita. "Iko sawa?" Nikasema iko sawa, nikamsomea habari za sumaku, na kikosi kikabaki kilimani wiki ile yote.

Jumapili alikwenda kuchota maji ya kufulia, akarudi na ndoo tupu. Mikono yake ilikuwa ya manjano hadi kwenye viwiko. Aliinawa kwenye karai, akainawa tena kwa sabuni ya kufulia, akapika chai, akanipa kikombe kabla yake mwenyewe. Nilijua. Alikuwa ameingia ndani ya mistari ile, akakuta mbelewele zimefunguka na zimekwisha kumwaga, akazing'oa zote peke yake, siku ya mapumziko, ili zisionekane. Wakaguzi wa kampuni ya mbegu walipopita wiki iliyofuata walikuta mistari safi yenye vitambaa vyekundu. Alininyamazia kwa sababu angenisema ningefukuzwa, na msichana aliyefukuzwa kazi kwa udanganyifu anaingia chuo na jina gani? Hilo nimelijua baadaye. Wakati ule nilikunywa chai, nikashukuru moyoni kwamba hakuuliza.

Agosti ilikuwa ya jando, kwa kuwa kwetu wavulana hutahiriwa miaka isiyo witiri tu, kama ule, na nusu ya wanaume wa kambi walikwenda Bungoma kwenye sherehe. Wanyonyi alirudi na habari kwamba kule nako shimo linazungumzwa kwenye kila mtungi wa pombe ya busaa. Familia zilizokuwa zimekubaliana watoto wangoje miaka miwili mingine zilikuwa zimewaharakisha, ati mwisho wa dunia usiwakute hawajatahiriwa. "Mimi nilimwambia ndugu yangu, sasa huyu mtoto wa darasa la tatu anaenda kuonyesha nani huko mbinguni?" Tulicheka sana. Lakini baada ya kicheko alinivuta kando akaniuliza, bila utani, ni siku gani hasa.

Siku ilikuwa Jumatano, ya wiki ya pili ya Septemba. Redio zote zilikuwa zimeitangaza. Jumamosi kabla yake nilikwenda kwa Bwana Manjit, na alikuwa amekwisha kunichapishia ukurasa mmoja, ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu. "Soma hapa, binti," akasema. "Jumatano wanazungusha tu. Chembe zinapita upande mmoja, halafu baadaye upande wa pili. Hakuna kugonganisha siku hiyo. Kugonganisha bado sana. Sasa hata wale wenye hofu hawana cha kuogopa. Nenda uambie watu wako walale." Nikamwambia nitawaambia. Nilikunja karatasi mara nne, nikaitia mfukoni mwa sweta, na njia nzima ya kurudi nilijiona kama mtu anayebeba barua ya kufutwa kazi, ya kwake mwenyewe. Nikiisoma ile karatasi, Jumatatu nitakuwa karani wa vitambaa. Nani ataniuliza kuhusu maharage?

Jumatatu jioni, tukila sukuma na viazi vitamu, Mama Rodah aliweka sahani chini. Hakuwa ameniomba nimsomee ukuta kwa wiki nzima. "Nasimiyu," akasema, "hawa wengine wanapiga kelele tu. Wewe umesoma. Mimi nakuuliza kama mtoto wangu, uniambie ukweli. Hii Jumatano, ni ya kweli?" Sweta lilikuwa mwilini mwangu. Nilisikia karatasi ikikwaruza nilipovuta pumzi. Ningesema neno moja tu, hapana, na angemaliza kiazi chake. Nikashusha ile sauti yangu, nikasema, "Mama, hakuna mtu anaweza kusema kwa hakika." Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Basi mtu atengeneze mambo yake." Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, na mwingine ulikuwa mkubwa zaidi kwa maneno. Huo ndio ninaouona nikifumba macho.

Jumanne kambi nzima ilipika. Sijaona chakula kama kile tangu siku hiyo. Wanyonyi alichinja jogoo wake wa pekee, akisema hawezi kumwachia shimo. Kulikuwa na ugali wa wimbi, mboga ya mrenda, kunde zilizolala kwenye maziwa, na mtu alikuwa ametoa samli aliyoiweka kwa ajili ya Krismasi. Tulikula mchana kweupe, milango yote wazi, watu wakipelekeana sahani, waliogombana wakishikana mikono kwa kuona haya. Saa kumi tukaingia kwenye ghala, ambalo lilikuwa tupu kwa kuwa mavuno bado, na ambalo Jumapili tulilitumia kama kanisa. Barasa, msimamizi wa shamba, alikuwa ameketi mbele kwenye kiti kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa pia. Tuliimba, kisha watu wakaanza kutoa yaliyokuwa mioyoni, kama ilivyokuwa desturi ya ushirika wetu. Mmoja alikiri aliiba kuni za jirani. Mwingine alikiri hakumpenda mkwe wake hata siku moja. Watu walijibu "Sifa kwa Bwana" na wengine waliziba midomo wasicheke.

Mama Rodah akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili bila koti, na nilishangaa jinsi mabega yake yalivyokuwa madogo. "Mimi niko na jambo," akasema. "Kule mtoni, mistari kumi ya mama ilitoa vumbi mwezi wa saba. Mimi ni nyapara na niliona. Nikang'oa baadaye, nikanyamaza, wakaguzi wakapita. Ile si mbegu. Watu wa kwetu watapanda hiyo kitu na watalia. Nimeshindwa kwenda mbele ya Mungu na hiyo." Hakuna aliyesema sifa kwa Bwana. Barasa aligeuka kwenye kiti. "Rodah, vitambaa vilikuweko," akasema. "Nani alipita?" Mama Rodah akamgeukia. Hakunitazama. Najua hakunitazama kwa sababu mimi sikuondoa macho yangu kwake. "Kikosi ni yangu," akasema. "Uliza mimi." Akabaki amesimama. Alisimama muda wa kutosha mtu mwingine kuinuka na kusimama karibu yake.

Sikusimama. Nimejitetea miaka yote hii kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliogopa, kwamba miguu ilikataa. Miguu haikukataa. Akili yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, kama kwenye chumba cha mtihani. Kila mtu mle ghalani alizungumza kama mtu ambaye kesho hayupo. Mimi nilikuwa na karatasi mfukoni, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kutakuwa na Alhamisi. Nilijua kutakuwa na ofisi ya Barasa, na barua, na chuo kikuu. Nikapiga hesabu hiyo nikiwa nimekaa kwenye gunia, mikono magotini, huku mwanamke aliyenigawia chumba chake akisimama peke yake. Kisha mtu akaanzisha wimbo, naye akaketi.

Jumatano jua lilitoka kama kawaida. Tulikwenda kazini, tukashika majembe, na kila mtu alitazama mbingu kwa kuibia. Kabla ya saa sita redio ya Wanyonyi ikasema mashine imewashwa na chembe zimezunguka salama, na wale wanasayansi wanapigiana makofi. Kelele iliyolipuka shambani! Wanawake walirusha majembe, wakacheza, Wanyonyi akaomboleza jogoo wake kwa sauti ya msibani hadi tukalia kwa kucheka. Mama Rodah alicheka pia. Mjumbe wa ofisi alimkuta bado anacheka.

Eneo la mtoni lilikataliwa lote na kampuni ya mbegu, si mistari kumi peke yake. Aliachishwa kazi wiki hiyo hiyo, na chumba kilikuwa cha kazi. Barasa aliniita mimi pia, akaniuliza kama niliona lolote. Nikasema nilipopita ilikuwa sawa. Ijumaa nilimsaidia Mama Rodah kufunga vitu vyake kwa kamba ya katani: kitanda, sufuria tatu, karai, lile koti. Tulipomaliza aliketi juu ya kitanda kilichofungwa. "Hiyo Jumatano," akasema, "ulikuwa unajua?" Nilifungua mdomo. Akainua mkono kabla sijasema, kwa upole, kama mtu anayekataa chai. "Wacha. Enda usome." Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Siku chache baadaye Bwana Manjit alinipa habari kwa huzuni ya kweli kwamba mashine imeharibika, kiungo kimoja kimeungua, haitafanya kazi kwa muda mrefu. Alishangaa nilipoanza kulia kati ya misumari yake. Akamwita mkewe alete maji.

Nilisoma. Nikawa mwalimu, na kwa miaka sita sasa nafundisha hapa Bungoma. Kutoka shuleni kwangu hadi Myanga mtu huenda na kurudi kabla chai haijapoa, na sikwenda. Miaka miwili iliyopita nilimwona sokoni Bungoma, amezeeka, anachagua vitunguu kimoja kimoja akivinusa. Nikajificha nyuma ya nguo za mitumba zilizotundikwa, mimi mwanamke mzima mwenye mvi, hadi alipoondoka. Mwenye nguo akaniuliza kama natafuta saizi gani. Wanafunzi wangu wakiniuliza kuhusu ile mashine, kwa kuwa imo hata kwenye vitabu sasa, huwaeleza yote kwa usahihi, hatua kwa hatua, na huanza na lile ambalo haikuweza kufanya: kumeza dunia.

Basi Jumamosi hiyo mshereheshaji akaniita, nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu bidii yake. Nilipoliona jeneza niliyasahau, au niliyatupa, sijui. Nikasema, "Mama Rodah aliachishwa kazi Kitale kwa sababu ya mistari kumi ya mahindi. Mistari ile nilipewa mimi. Mimi ndiye niliyefunga vitambaa bila kupita. Yeye alinificha, na mimi nikamwacha." Nikasema na ya karatasi mfukoni. Chini ya hema akina mama wa chama wakaanza kunong'ona, na mshereheshaji, ambaye hakujua la kufanya, akasema, "Asante, Mwalimu, muda umeisha." Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na wepesi mwilini. Kwa nusu saa niliamini nimefanya jambo.

Baada ya kuzika, Nekesa alipita akigawa chakula. Ana mabega ya mama yake. Alichuchumaa mbele yangu, sahani mkononi, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Mwalimu, hiyo maneno sisi tulikuwa tunajua. Mama alituambia zamani, na alitukataza tusikusumbue. Alikuwa anasema utakuja." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Sasa leo," akaniuliza, "ulikuwa unaambia nani?"

Alingoja kidogo, akaniongezea nyama, akaenda kwa mgeni mwingine.